Skana ya Kumbukumbu: Uliza Ramani Kabla ya Kusoma

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia, na ujumbe wake una hasira. Skana yake ya kumbukumbu (programu inayotafuta thamani ndani ya kumbukumbu ya programu nyingine inayoendelea kufanya kazi) kwenye Windows inaita ReadProcessMemory, amri ya kusoma kumbukumbu hiyo, inarudi mikono mitupu, kisha GetLastError, inayotaja namba ya kosa la mwisho, inampa 299. Ameiendesha kama msimamizi wa mfumo, amebadilisha anwani za kuanzia, na sasa anafikiria kupakua Cheat Engine, skana iliyokwisha tengenezwa na wengine, yaishe.

Ndugu yangu, usiache. Namba 299 inasema kwamba ni sehemu tu ya ulichoomba iliyoweza kusomwa. Yaani mlango umeshafunguliwa. Ungekosa ruhusa, OpenProcess, amri ya kuifungua programu hiyo kabla ya kuisoma, ndiyo ingekukatalia mapema na ungekutana na 5, kosa la kunyimwa ruhusa.

Nalisema hili kwa moto kwa sababu nilipotangaza kwamba nitaandika skana yangu mwenyewe, mwenzangu mmoja wa kazini alicheka mbele ya watu. Hiyo ni kazi ya watu wa lugha ya C, akasema, wewe baki na tovuti zako. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko masikio yanapata moto. Lakini skana ipo, inafanya kazi, na ni ndogo kiasi kwamba mtu anaisoma yote huku akisubiri kompyuta iwake. Yeye bado hajaandika ya kwake. (Sijamuuliza. Najua tu.)

Siri yake, kama ni siri, ni kwamba skana haisomi kumbukumbu kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu ya biti 64 kwenye Windows za sasa ina nafasi ya anwani inayofika terabaiti 128, na karibu yote ni tupu: hakuna kitu nyuma ya anwani hizo. Ukipita humo ukigonga kila anwani utazeeka. Kwa hiyo unauliza ramani kwanza. VirtualQueryEx unaipa anwani, nayo inakujazia muundo uitwao MEMORY_BASIC_INFORMATION: eneo linaanzia wapi, lina ukubwa gani, liko katika hali gani, na lina ulinzi gani. Unajumlisha BaseAddress na RegionSize, unapata anwani ya swali linalofuata, unaendelea hivyo mpaka irudishe sifuri.

Katika kila eneo, angalia kama State (hali) ni MEM_COMMIT, yaani kuna kitu nyuma ya anwani hizo. Kisha angalia Protect (ulinzi): ukitafuta thamani inayobadilika, PAGE_READWRITE (inasomeka na kuandikika) inatosha kuanzia, na chochote chenye PAGE_NOACCESS (hakigusiki) au PAGE_GUARD (kina mtego wa kuashiria kimeguswa) ruka. Hapo ndipo 299 nyingi zinapokufa. Hazitakwisha zote, kwa sababu programu unayoichungulia haijasimama kukungoja. Inaweza kuachia eneo katikati ya swali lako na usomaji wako. Usomaji ukishindwa, songa mbele. Skana inayojifunga kwa kosa moja haina maisha marefu.

Jambo la pili: soma eneo kwa mafungu makubwa, uweke kwenye bafa yako (hifadhi ya muda ndani ya skana), utafute humo. Nimeona msimbo wa watu unaoita ReadProcessMemory kwa kila baiti nne. Kila mwito unaingia kwenye keneli, kiini cha mfumo, na kutoka. Halafu mtu analalamika kwamba kompyuta yake ni mbovu!

Na kabla hujagusa programu ya mtu mwingine, andika shabaha yako mwenyewe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Programu fupi yenye namba kamili ya baiti nne, tuseme 1000, inayochapisha anwani ya namba hiyo kwenye skrini, inasubiri ubonyeze Enter, kisha inapunguza 37. Sasa una jibu la mtihani mkononi. Skana yako ikitafuta 1000 inatafuta baiti E8 03 00 00, kwa kuwa 1000 kwa mfumo wa namba wa kumi na sita ni 3E8, na vichakataji vya x86 huweka baiti ndogo mbele. Itakuletea anwani nyingi za bahati nasibu. Bonyeza Enter, kisha usome tena anwani hizo tu, ubakize zenye 963. Orodha inaporomoka. Nilipoona anwani iliyobaki inalingana na ile iliyochapishwa, nilisimama kwenye kiti. Vijana wa siku hizi mnataka kuruka hatua hii, mnakimbilia kwenye mchezo wa mtandaoni, ambako namba za maana zinatunzwa kwenye seva na faida pekee mtakayopata ni akaunti kufungwa. Acheni haraka. Jifunzeni kwenye kitu chenu.

Omba pia ruhusa unazohitaji tu: PROCESS_QUERY_INFORMATION (ya kuuliza ramani) na PROCESS_VM_READ (ya kusoma). Za kuandika ziongeze siku unayoandika. Na programu ya biti 64 ichunguzwe na skana ya biti 64.

Walio kwenye Linux msijione mmesahaulika. Ramani yenu ni faili la maandishi, /proc/PID/maps (PID ni namba ya programu), lenye mipaka ya kila eneo na herufi za ruhusa kama rw-p, na usomaji ni /proc/PID/mem au process_vm_readv. Mkikataliwa, tazameni ptrace_scope, mpangilio unaoamua nani aruhusiwe kuchungulia programu nyingine, kabla ya kulaumu msimbo.

Mkishaipata anwani, msiiandike kwenye daftari. Mfumo huchanganya mahali pa kupakia vitu, hivyo mkifunga programu na kuifungua tena, anwani ya jana inaweza kuwa si kitu. Kinachodumu ni umbali kutoka pale faili la programu lilipopakiwa, na kwa vitu vilivyo kwenye hipu (kumbukumbu ambayo programu huiomba ikiwa inafanya kazi) ni mnyororo wa vielekezi, yaani thamani zinazotunza anwani, unaoanzia hapo. Kuufuatilia huo ni kutafuta tena kwa skana ileile, ila safari hii thamani mnayoitafuta ni anwani yenyewe, baiti nane badala ya nne.