Dereva niliyemfuta ananishtaki, abiria wa boda ananishtaki: nijitetee vipi?

SWALI: Habari, Wakili. Nina malori sita yanayobeba kontena kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mara nyingine hadi Malaba. Mwezi wa tatu, alfajiri, trela langu liligongana na boda boda Mombasa Road karibu na Cabanas. Abiria wa boda alivunjika paja, na tanboi wangu (utingo wa lori) akavunjika mkono. Dereva alizuiliwa kituoni siku mbili, akaachiliwa kwa dhamana, na kesi yake ya trafiki bado inaendelea. Alipotoka nilimpigia simu asirudi kazini, kisha nikamtumia barua kwa WhatsApp kwamba nimemfuta kwa kuendesha ovyo. Mshahara wake wa mwezi huo niliukata wote kulipia taa na bampa. Sasa nimepata samansi ya abiria kutoka mahakama ya Milimani, barua ya wakili wa dereva anayedai kufutwa kinyume cha sheria na overtaimu ya miaka miwili, na barua ya wakili wa tanboi. Watu wangu wananishauri niseme kosa ni la dereva na ndiyo sababu nikamfuta, na kwamba tanboi ni wa dereva, si wangu. Je, huo ni utetezi? – Mwenye malori, Syokimau.

JIBU: Mama, pole kwa yaliyokupata, na pole kwa hao walioumia. Tafadhali usiseme maneno hayo mahakamani. Kila sentensi uliyoshauriwa itakufaa kwenye faili moja na kukuangusha kwenye faili nyingine.

Kabla ya sababu, angalia tarehe kwenye samansi. Siku za kufika zimeandikwa humo, na ukishafika una siku 14 za kuwasilisha utetezi. Zikipita kimya, mdai ataomba hukumu bila wewe kusikilizwa, na habari utaipata kwa madalali wakiwa getini. Peleka nakala ya samansi kwa kampuni yako ya bima leo, wakugongee muhuri kwamba wameipokea. Karibu kila mkataba wa bima unakutaka uripoti mapema na usikubali kosa bila ruhusa yao. Ujue pia kwamba chini ya Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya lazima ya magari kwa watu wengine wanaoumia, bima hiyo haihitajiki kugharamia zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Paja lililovunjika mara nyingi halifiki huko, lakini mtu akipooza au familia ikipoteza mlezi, kinachozidi hutoka mfukoni mwako.

Sasa tuje kwa abiria. Unaposema "kosa ni la dereva", kwa sheria yetu umesema kosa ni lako. Mwajiri hubeba uzembe wa mfanyakazi wake aliyekuwa kazini. Tena tangu uamuzi wa Karisa v Solanki wa mwaka 1969, gari lako likithibitishwa kuwa lilimdhuru mtu kwa uzembe, mahakama huchukulia kwamba aliyeliendesha alikuwa akiliendesha kwa niaba yako mpaka ulete ushahidi wa kinyume. Wewe huna ushahidi huo, kwa sababu trela lilikuwa limebeba mzigo wako, kwenye njia uliyompangia. Na ile barua ya WhatsApp yenye maneno "kuendesha ovyo" ni zawadi kwa wakili wa abiria. Hatahitaji kutafuta shahidi wa uzembe, atasoma barua yako tu.

Swali ambalo hujaniambia mtu yeyote amekuuliza ni hili: je, kweli dereva alikosa? Sijui, na naona hata wewe hujui, maana ulimfuta kabla ya kumsikiliza. Huenda boda aliingia barabarani kutoka upande usiofaa, bila taa, akiwa amebeba watu wawili. Mwendeshaji huyo hakukushtaki. Aliyekushtaki ni abiria wake, na abiria ana haki ya kumshtaki yeyote. Wakili wako anaweza kuomba ruhusa ya kumwingiza mwendeshaji kwenye kesi kama mtu wa tatu, ndani ya siku 14 baada ya hati za madai na utetezi kufungwa, ili mahakama igawe lawama kati yenu kwa asilimia. Kwenye ajali za boda huo ndio utetezi wenye uzito kuliko wote, na ndio unaosahaulika zaidi. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali, haitakuokoa wala kukuhukumu yenyewe. Inathibitisha kwamba ajali ilitokea na nani walihusika. Nani alikosa huamuliwa kwa ushahidi.

Na nani atasimama kizimbani kusema boda aliingia vipi? Tanboi na dereva. Ndio macho pekee uliyokuwa nayo barabarani alfajiri ile, na wote wawili sasa wana mawakili dhidi yako. Hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu karibu kila mara lingeweza kuepukwa kwa kikao kimoja cha heshima ofisini.

Kesi ya trafiki ya dereva inakuhusu kuliko unavyodhani. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai iliyokwisha muda wa rufaa ni uthibitisho kamili kwamba mtu huyo alitenda kosa hilo. Madereva wengi hukubali shtaka la kuendesha bila uangalifu asubuhi moja, wakalipa faini na kurudi barabarani, kwa sababu kuhudhuria mahakama miezi na miezi kunawakosesha mkate. Akikubali, mlango wa kukana uzembe kwenye kesi ya abiria umefungwa. Utabaki tu na hoja kwamba boda naye alichangia. Huna ruhusa ya kumwambia akiri au akane. Unachoweza kufanya, na waajiri wenye busara hukifanya, ni kumgharamia wakili wake mwenyewe anayemshauri kwa uhuru. Ulipomfuta, ulimwacha peke yake mbele ya hakimu.

Twende kwa dai lake la kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inakutaka umweleze mfanyakazi sababu, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama anachochagua, na usikilize majibu yao kabla ya kuamua. Hata kosa la kufuta papo hapo linahitaji kikao hicho. Simu si kikao. Kwa hiyo hata kama dereva alikuwa amelewa chakari, kufuta kwako kuna ufa upande wa utaratibu, na mahakama ya ajira inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, mbali na notisi na likizo asizolipwa. Usimsikilize atakayekwambia kwamba kukamatwa na polisi kunatosha. Sheria inataja kukamatwa kama sababu pale tu mtu anapokaa siku 14 bila kuachiliwa. Wako alitoka baada ya mbili.

Ona sasa mtego ulivyokaa. Kwenye mahakama ya ajira, sheria inakutwika mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumfuta, yaani uthibitishe aliendesha ovyo. Milimani kwa abiria unataka kuthibitisha hakuendesha ovyo. Huwezi kula kiapo mara mbili kwa hadithi mbili. Na hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kesi ya abiria itashikwa na wakili aliyechaguliwa na bima, na kesi ya dereva na wakili wako. Kama wawili hao hawajaketi pamoja, kila mmoja atasaini hati ambayo inamuua mwenzake. Lazimisha kikao hicho. Nenda na kila karatasi, hasa ile barua ya WhatsApp ambayo wakili wa bima huenda hajawahi kuiona.

Overtaimu nayo ina makali pande mbili, na hapa nakuomba usome polepole. Dereva atasema alifanya kazi saa nyingi kwa siku. Kumbukumbu za saa za kazi ni jukumu lako kuzitunza, na usipokuwa nazo neno lake litapata nguvu. Utafikiria kifaa cha kufuatilia gari: kinaonyesha saa injini ilipozimwa, mahali trela lilipolala, foleni ya mizani ya Mariakani na ya Athi River. Ni ushahidi mzuri sana. Lakini kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, trela haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na ajali ilitokea alfajiri pale Cabanas, mwisho wa safari. Wakili mzuri wa abiria atauliza trela lilitoka Mombasa saa ngapi na dereva alilala wapi. Rekodi utakayotumia kupinga overtaimu inaweza kuonyesha dereva aliyekuwa amechoka kwa ratiba uliyompa wewe.

Kwa hiyo pakua data hiyo leo, kwa kuwa mifumo mingi hufuta rekodi za zamani, pamoja na data ya spidi gavana (kidhibiti mwendo), tiketi za mizani, hati ya kupokea mzigo, ripoti ya ukaguzi wa gari na picha za eneo. Aliyeipakua aandae cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, la sivyo mahakama inaweza kukataa kuipokea. Isomeni wewe na wakili wako kabla ya kuandika neno lolote la utetezi. Ikiwa inaonyesha dereva aliendesha saa 11 mfululizo, msiifiche wala kuichezea. Iambieni bima ukweli na mwafikiane na abiria mapema, kabla gharama na riba hazijapanda. Ikiwa inaonyesha alilala Mtito Andei saa za kutosha na mwendo ulikuwa sawa, umepata utetezi halisi dhidi ya abiria, na papo hapo umepata sababu ya kumaliza jambo na dereva, kwa kuwa ulimwonea.

Kuhusu tanboi, ushauri wa watu wako ndio mbaya kupita wote. Ukisema si wako, mahakama itauliza nani alinufaika na kazi yake na pesa zake zilitoka wapi. Kulipwa kwa safari bila mkataba hakumfanyi kuwa mgeni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira humgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi kuwa mfanyakazi anayelindwa. Sasa fikiria umeshinda hoja hiyo. Mtu asiye mfanyakazi wako hafungwi na Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini, WIBA. Anaweza kukushtaki kwa uzembe mahakamani kama yule abiria, na wewe umejifungulia mlango.

Ukikubali ni wako, njia ni moja na ni nyepesi kwenu nyote. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 3 Desemba 2019, katika rufaa ya Chama cha Mawakili, kwamba masharti ya WIBA ni halali: madai ya mfanyakazi aliyeumia kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Wakili wake akifungua kesi ya fidia, wako atapinga mamlaka ya mahakama tangu siku ya kwanza. Lakini usiitumie hoja hiyo kumfungia kijana nje. Chini ya WIBA halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Matibabu yake ni juu yako, na kiwango cha ulemavu huhesabiwa kwa kipimo kinachofika mapato ya miezi 96 kwa ulemavu kamili. Ulitakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu upate taarifa. Kama hukufanya, fanya kesho asubuhi, na umsaidie kujaza madai yake kabla ya miezi 12 kuisha. Angalia pia kama una bima ya WIBA, kwa sababu bima ya Sura ya 405 hailazimiki kumgharamia mfanyakazi wako mwenyewe. Wenye malori wengi hulijua hilo hospitalini.

Limebaki suala la mshahara uliokata. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Ajali si makusudi, na wewe ulichukua wote. Mrudishie kamili wiki hii, kwa benki au M-Pesa ili kuwe na rekodi, pamoja na siku za likizo alizobakisha na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake hata akiwa amefutwa kwa kosa zito. Usisubiri jaji akuamuru.

Kisha wakili wako amwandikie wakili wake kupendekeza maelewano. Barua hiyo isizungumzie kabisa ushahidi wa dereva kwenye kesi ya abiria wala kesi yake ya trafiki. Pesa inayotolewa ili shahidi aseme hili au anyamaze lile ni jinai, na hata ikiwa nia yako ni safi, sentensi moja iliyokaa vibaya itasomeka hivyo. Pesa ya maelewano ilipe kazi aliyoifanya na namna alivyoondolewa, basi. Juu ya barua iandikwe kwamba imetolewa bila kuathiri haki za pande zote, ili wakikataa isisomwe mbele ya jaji kama kukiri kwako.