Jifunze udongo kabla ya usukani: ushauri kwa wanaojiunga na misafara ya magari ya magurudumu manne (4x4) Nakuru

Wanachama wapya wanapojiunga na chama chetu cha kujitolea hapa Nakuru, swali lao la kwanza karibu kila mara huhusu gari. Wanataka kujua kama Prado ya zamani itafaa, kama ni lazima wainue springi, kama tairi kubwa zaidi zitawasaidia, na kama winchi (mashine ya kulivuta gari lililokwama kwa kamba) ni kitu cha kununua mapema au cha kungojea. Ni maswali ya haki, na yana majibu, lakini mimi huwaomba wayaweke kando kwa muda wajifunze kwanza udongo wa eneo hili. Karibu kila kanuni tunayoifuata, kuanzia upepo wa tairi hadi siku ya kuahirisha safari, inatokana na jinsi ardhi yetu inavyokubali maji na jinsi inavyovumilia uzito wa gari.

Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kati ya Mai Mahiu na Menengai imefunikwa na majivu yaliyomwagwa na volkano kama Longonot, Eburu na Menengai yenyewe. Wakati wa kiangazi majivu hayo huwa vumbi laini kama unga, na mguu ukikanyaga huzama kimya. Mvua kubwa ikinyesha, chembe zake hazishikamani vya kutosha kuhimili maji yanayotiririka, hivyo husombwa kwa kasi ambayo mtu aliyezoea udongo mwekundu wa milimani haitarajii. Mwezi Machi 2018 ufa mkubwa ulitokea karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, picha zake zikaenea duniani kote pamoja na madai kwamba bara la Afrika lilikuwa linapasuka mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi walieleza jambo lililo karibu zaidi na kazi yetu: mvua nyingi zilikuwa zimesomba majivu laini yaliyojaza mpasuko wa zamani, na kilichobaki kikawa shimo. Udongo wa aina hiyo ndio tunaoupitia Jumamosi tukiwa na magari ya tani mbili na zaidi.

Fikirieni basi gari moja likipanda mteremko wenye majivu baada ya mvua. Magurudumu yanaugandamiza udongo na kuacha mifuo miwili inayoshuka moja kwa moja kufuata mteremko, na mvua inayofuata huikuta njia imeshachimbwa tayari. Maji yakiingia kwenye mifuo hiyo hupata kasi, huchimba zaidi, na baada ya misimu michache mfuo huwa korongo ambalo gari haliwezi kulivuka. Dereva anayefuata hupita pembeni juu ya nyasi, akaacha mifuo mingine miwili, na wa baada yake akapita kando zaidi. Ndivyo njia moja nyembamba inavyozaa njia nne au tano sambamba, malisho ya mtu yakaliwa, na mwenye ardhi akafunga lango. Chama chetu kimewahi kupoteza njia nzuri kwa namna hii, na iliniuma sana, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya waliopita pale aliyekuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza ni kusubiri. Wageni wengi hudhani kwamba mvua za Nakuru huisha mwezi Mei kama inavyosemwa shuleni, lakini hapa Julai na Agosti pia huleta mvua, mara nyingi alasiri, na njia iliyokuwa ngumu saa tatu asubuhi inaweza kuwa tope saa tisa. Kiongozi wa safari hushuka garini mwanzoni mwa njia na kukanyaga kwa nguvu kwa kisigino. Kisigino kikiacha alama isiyo ya kina, tunaendelea. Kikizama na alama ikaanza kujaa maji, tunageuza. Uamuzi wake haujadiliwi hapo barabarani. Najua inaudhi kwa mtu aliyeamka saa kumi usiku akaendesha kutoka Kisumu au Eldoret, na ninamhurumia kwa dhati, lakini siku moja ya kupita kwenye njia iliyolowa inaweza kutugharimu Jumamosi nyingi za kuitengeneza.

Jambo la pili ni upepo wa tairi, na hapa ningependa mwanachama mpya akae kwa muda mrefu kuliko anavyodhani inahitajika. Barabarani tairi nyingi za magari yetu hubeba upepo wa psi 32 hadi 36. Kwenye majivu makavu na kwenye tope tunapunguza hadi karibu psi 20, na wakati mwingine chini kidogo kulingana na uzito wa gari na aina ya tairi. Tairi lenye upepo mdogo hurefuka pale linapogusa ardhi, uzito ukasambaa kwenye eneo kubwa zaidi, na gurudumu likashika badala ya kuzunguka bure na kuchimba. Mazungumzo mengi kuhusu jambo hili huishia kwenye raha ya dereva, ilhali faida kubwa zaidi ni ya njia yenyewe. Hata hivyo, kanuni hii haifuatwi kwa upofu. Ndani ya kreta ya Menengai kuna mawe ya lava yenye ncha kali kama kioo, na tairi lililolegea sana hutokeza kuta zake pembeni, ambazo ndizo nyembamba zaidi na haziwezi kuzibwa pancha zikichanika. Pale tunapunguza kidogo tu, tunaendesha polepole zaidi, na mtu mmoja hutembea mbele akielekeza kwa mikono. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kutumia betri ya gari ni vya lazima, maana kurudi kwenye lami kwa mwendo wa kasi na tairi zilizolegea ni hatari kubwa: tairi hupata joto na linaweza kupasuka.

Kuhusu uendeshaji wenyewe, tumieni gia nzito, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, mapema, kabla ya kufika penye ugumu, na muinue mguu mara tu mnapohisi magurudumu yanazunguka bila gari kusonga. Dereva anayekanyaga mafuta zaidi wakati huo hujichimbia shimo, na shimo hilo litabaki pale baada yake. Mkikuta dimbwi katikati ya njia, teremkeni mlipime kwa fimbo, kisha mpite katikati yake. Kulizunguka kunaonekana ni busara na kunaacha gari safi, lakini ndiko kunakopanua njia.

Baadhi yenu mmekuja kwa sababu ya Rhino Charge, shindano la magari ya 4x4 linalopita nje ya barabara, na mapenzi hayo nayaheshimu. Shindano hilo lilianza mwaka 1989, na mshindi wake hupatikana kwa kufika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine, si kwa kasi. Fedha zake kupitia Rhino Ark, shirika la uhifadhi, zilijenga ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuzunguka milima ya Aberdare, uliokamilika 2009, na baadaye ua wa msitu wa Eburu ulio hapa kwetu, uliokamilika 2014. Lakini shindano lile hufanyika mara moja kwa mwaka, mahali panapochaguliwa na kuandaliwa kwa ajili hiyo. Sisi hurudi kwenye njia zilezile mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo kukata moja kwa moja vichakani ili kufupisha umbali hakuna nafasi katika misafara yetu.

Maji yanayotiririka yana kanuni yake. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa limebeba wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika katika Kaunti ya Kitui, likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi lile lilikuwa zito kuliko gari lolote letu. Mto tusioweza kuuvuka kwa miguu kwa usalama hatuuvuki kwa gari, na mto wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayobeba vijiti na majani tunauacha hata ukionekana wa kina kifupi, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba mvua inanyesha juu na maji yanaongezeka.

Kuvutana mkikwama kutafundishwa kwa vitendo, ila mambo mawili yashikeni hata kabla ya somo hilo. Kamba haifungwi kamwe kwenye kifundo cha kuvutia trela, kwa kuwa kifundo hicho kikikatika huruka kwa nguvu ya kuua. Hufungwa kwenye kulabu au shakeli (pete ya chuma yenye pini) iliyokazwa kwenye chesisi. Na wakati kamba imekaza, kila asiye ndani ya magari mawili yale husimama mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba, wakiwemo wanaopiga picha.

Sasa nifike kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, yaani Jumamosi za matengenezo. Hizi hazina kelele za injini, na wageni wengine huzikwepa, lakini ndipo utakapoelewa kwa nini tunaendesha tunavyoendesha. Tunabeba majembe, sepetu, mtaimbo, karai na glavu, na kazi kuu ni kuyatoa maji njiani kabla hayajapata kasi. Kwenye mteremko tunachimba mtaro usio wa kina kirefu unaokata njia kwa mshazari, kisha upande wake wa chini tunajenga tuta la mawe na udongo ulioshindiliwa. Mawe makubwa huzikwa hadi theluthi mbili ya kimo chake ili gurudumu lisiyang'oe. Mshazari huo ni muhimu kuliko nguvu ya tuta: ukiwa mdogo mno maji husimama na kuacha matope yanayojaza mtaro, na ukiwa mkali mno maji hukimbia na kuchimba palepale ulipotaka kupalinda. Mteremko ukiwa mkali zaidi, matuta huwekwa karibu karibu. Kisha kuna mdomo wa mtaro, ambao wageni husahau. Lazima utokee kwenye nyasi nene au mawe yatakayoyapunguza maji kasi, na kamwe usielekee kwenye shamba la mtu wala kwenye njia ya ng'ombe. Baada ya mvua ya kwanza tunarudi kuizibua midomo hiyo kwa jembe, kwa sababu mtaro uliozibwa na majani ni sawa na mtaro usiokuwepo.

Njia za mkato zilizokwisha kuchorwa tunazifunga kwa mawe na matawi makavu ya leleshwa, kuanzia pale zinapoonekana kutoka njia kuu, maana dereva hashawishiwi na njia asiyoiona. Miche hatupandi kwa kujiamulia. Ofisa wa msitu ndiye anayesema ni miti gani ya asili inayofaa na wakati gani, na mti mgeni uliopandwa kwa nia njema unaweza kuleta taabu ya miaka.

Hilo linanileta kwenye ruhusa. Msituni tunaingia kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na tunazungumza pia na chama cha jamii cha kuhifadhi msitu husika, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2005 iliitambua jamii kama mshirika katika usimamizi, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake inaitambua pia. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru na mbuga nyingine za taifa, kutoka nje ya barabara hakuruhusiwi, na hatuombi upendeleo. Kwenye ardhi ya watu binafsi, lango huachwa kama lilivyokutwa, likiwa wazi au limefungwa. Mkipita karibu na nyumba punguzeni mwendo hadi vumbi lisifike kwenye nguo zilizoanikwa, na mkimkuta mzee au mama njiani, simameni mumsalimu na kueleza mnakoenda. Mara nyingi yeye ndiye atakayewaambia kwamba daraja la mbele limebebwa na maji.

Taka zote hurudi mjini nanyi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na misitu, kwa hiyo njooni na chupa za kujaza. Tukitoka Baringo tunaosha magari huko huko, chini ya mabawa ya tairi na nyuma ya bampa, kwa sababu matope yaliyochanganyika na samadi yanaweza kubeba mbegu za mathenge, mti mgeni unaovamia malisho, na wafugaji wa Marigat huko Baringo watawaeleza vizuri mti huo umewafanyia nini.

Safari yenu ya kwanza mtakuja kama abiria. Mtakaa kando ya dereva mzoefu, mtashuka naye kila anaposhuka kukagua, na mtashika sepetu ikihitajika. Safari ya pili, mkija na magari yenu, mtawekwa katikati ya msafara, na kila dereva ana jukumu la kumwangalia aliye nyuma yake. Gari la nyuma likipotea kwenye kioo chako, simama na uite kwa redio, nalo lisipojibu usisonge mbele hadi lionekane.