Mwanangu, kuhusu yale maduara uliyonitumia

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Umenitumia ile picha ya maduara manne, unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji na unacholipwa, katikati wameandika ikigai, yaani kwa Kijapani kile kinachokufanya uone maisha yana maana, afu unaniuliza, "mama, uhasibu wangu hauingii hapo kati hata nikiulazimisha, niache kazi?"

Kwanza ile picha wala sio ya Wajapani. Aliichora Mhispania, Andrés Zuzunaga, na katikati yeye aliweka kusudi, ndo mwaka 2014 Mwingereza mmoja anaitwa Marc Winn akabandika ikigai palepale, ikasambaa dunia nzima. Ukimuuliza bibi wa Kijapani ikigai yake anaweza akakutajia wajukuu au bustani yake tu, hana habari na mshahara.

Mi nayemuamini kwenye hili jambo ni Mieko Kamiya, daktari Mjapani wa magonjwa ya akili, aliyeandika kitabu kizima juu ya ikigai mwaka 1966. Huyu mama hakwenda kuwauliza mameneja wa Tokyo, alikuwa anafanya kazi kisiwani Nagashima, mkoa wa Okayama, serikali ilikofungua kituo mwaka 1930 ikawa inawatenga wagonjwa wa ukoma, mtu anapelekwa huko na kwao hata jina lake halitajwi tena. Sheria ya kuwatenga imekuja kufutwa 1996, na dawa ilikuwepo miaka na miaka! Wengi walimwambia maisha yao ni matupu, hawana wanachosubiri. Ila wapo wengine, kisiwa kilekile, ugonjwa uleule, walikuwa na kitu kinachowaamsha asubuhi, na yeye akataka kujua kwa nini hawa.

Miaka ya 1950 palepale kisiwani wagonjwa vipofu walianzisha bendi ya vinanda vya mdomo. Kiongozi wao haoni, vidole vimekufa ganzi hawezi kupapasa nukta nundu, basi akajifunza kusoma noti kwa ulimi, mstari kwa mstari, afu anawafundisha wenzake. Kwa ulimi, mwanangu. Sasa niambie duara la mshahara liko wapi hapo.

Usije ukasema mama ananiambia nivumilie tu. Wale walidhulumiwa, na serikali ya Japani yenyewe iliomba radhi 2001. Nachosema ni kwamba unaidai hiyo ofisi kitu ambacho hawakukuajiri wakupe. Uhasibu unalipa kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako, kwangu hiyo ni heshima tosha, iache iwe kazi. We ulipokuwa unafundisha sauti ya pili kule kwaya ya vijana ulikuwa unarudi saa tatu usiku hujala na unaimba mpaka jikoni, umeacha juzi juzi tu sababu ya ovataimu, na mi naona hapo ndo pameharibika kabla ya mambo ya maduara.

Kwa hiyo kaongee na bosi kuhusu hizo ovataimu za kila siku, angalau Jumatano na Jumamosi utoke mapema. Akikataa kabisa, hapo sawa, anza kutuma sivii kwingine, ila usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujapata nyingine, kodi ya miezi sita unaijua.

Mama yako