Kabla hujachagua Redis au Memcached, jiulize akiba ikifutika nani ataumia

Januari ya mwaka juzi nilikuwa nahudumia duka la mtandaoni linalouza vitabu vya shule, madaftari na sare. Anayeijua Januari ya wazazi wa Tanzania atanielewa. Shule zinafunguliwa, kila mzazi ana orodha mkononi, na wote wanaingia dukani kwa simu saa mbili usiku wakishamaliza kula. Seva yetu ilikuwa moja tu, RAM GB 4, na humo humo wanakaa MySQL, yaani hifadhidata, na PHP, lugha iliyoendesha duka. Wiki ya pili ukurasa wa mbele ukawa unachukua sekunde tisa kufunguka. Mwenye duka akanipigia: "Kaka, wateja wanasema duka limefungwa. Mimi niko hapa stoo, mzigo umejaa."

Usiku uleule nikasakinisha Redis, programu ya kuweka akiba (cache) kwenye RAM. Kuisakinisha hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba sikuwa nimejiuliza naenda kuweka nini ndani yake.

Akiba ninayoizungumzia hapa si ile ya kurasa nzima. Ni ya vipande: orodha ya aina za bidhaa, vitabu vya darasa la nne, bei, idadi ya madaftari yaliyobaki. Ni kazi ambayo seva imeshaifanya mara moja, ikaweka jibu karibu. Mama ntilie huchemsha maharage alfajiri. Mteja akifika saa sita mchana yeye anaunga tu, haanzi kuchambua mawe. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Ugumu unaanza ukiambiwa kwamba sufuria linaweza kumwagwa wakati wowote.

Redis ikisakinishwa kwenye mashine ya biti 64 bila kuguswa, haina kikomo cha kumbukumbu. Inajaza, inajaza, inaendelea kujaza. Saa nne usiku RAM ikaisha, Linux ikaamua kuua programu moja ili mashine isigande, na programu iliyouawa ni MySQL. Duka lililokuwa linakwenda polepole sasa likazimika kabisa. Nikarekebisha haraka: kikomo cha kumbukumbu, maxmemory, nikakipa MB 512, na sera ya kutupa vitu nikaiweka allkeys-lru, yaani nafasi ikijaa, tupa vile ambavyo havijaguswa kwa muda mrefu. Mashine ikatulia. Nikalala.

Kulipokucha simu zikaanza upya. Mama mmoja wa Tanga alikuwa amejaza kikapu cha watoto watatu, kitabu kwa kitabu kufuata orodha ya shule, akasubiri asubuhi apate hela alipie. Alipofungua, kikapu kitupu. Hakuwa peke yake. Vikapu nilikuwa nimeviweka kwenye Redis ileile ya akiba, kwa kuwa ilikuwa ya haraka. Na kikapu kilichojazwa usiku kikaachwa mpaka asubuhi ndicho hasa kitu ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu. Programu ilifanya nilichoiamuru. Yule mama alirudia kazi ya saa nzima kwa sababu yangu, na sijalisahau hilo.

Tangu hapo mtu akiniuliza achague ipi, swali langu la kwanza ni moja: nikifuta kila kitu kilichomo humo sasa hivi, nani ataumia? Akinijibu "hakuna, tovuti itakwenda polepole kidogo halafu itarudi", basi hiyo ni akiba, na programu nyingi zitamfaa. Akianza kutaja kikapu, malipo yanayosubiri uthibitisho wa simu, au namba ya oda, hiyo si akiba tena. Ipelekwe kwenye hifadhidata. Vikapu vyetu vilihamia MySQL wiki ileile, na tofauti ya kasi hakuna mteja aliyeiona.

Sasa nije kwenye programu zenyewe. Zote ninazozitaja ni za chanzo huria, na unaweza kuziendesha kwenye seva ya bei nafuu.

Ukiwa na seva moja na programu yako ni ya PHP, anza na APCu. Inakaa ndani ya PHP yenyewe, haipiti kwenye mtandao, hakuna huduma ya ziada ya kulinda. Mipaka yake ni miwili. Seva zikiwa mbili, kila moja ina akiba yake, hivyo mteja anaweza kuona bei mbili kwa kufungua ukurasa mara mbili. Halafu kazi zinazojiendesha usiku kwa amri ya PHP haziioni akiba ya tovuti. Ukibadilisha bei kwa njia hiyo, ile ya zamani inabaki ikionekana mpaka muda wake uishe.

Memcached aliitengeneza Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya blogu ya LiveJournal, na naipenda kwa sababu haikuahidi zaidi ya inachofanya. Unaipa ufunguo (jina la kitu) na thamani yake, inakumbuka, ikijaa inasahau, ukiizima inasahau vyote. Ni vigumu kujidanganya kwamba ni hifadhidata. Kwa mwanzo inapewa MB 64 tu za kumbukumbu, na kitu kimoja hakizidi MB 1; wengi huacha hivyo hivyo kisha wanashangaa akiba haisaidii. Ipandishe kulingana na seva yako. Mtego mwingine ulinila siku mbili nzima: muda wa kuisha ukizidi siku 30, Memcached haihesabu tena kama sekunde kuanzia sasa, inausoma kama tarehe, sekunde tangu 1 Januari 1970. Nilitaka orodha ya shule ikae siku 60, nikaandika 5184000. Kwa Memcached hiyo ni Machi 1970, kwa hiyo orodha ilikuwa imekufa kabla haijahifadhiwa. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote. Niligundua pale tu nilipoandika ufunguo kwa mkono na kuusoma papo hapo, ukarudi mtupu.

Redis ilitoka mwaka 2009 kwa Salvatore Sanfilippo wa Italia. Inashika orodha, seti, hesabu zinazopanda, na inaweza kuandika kwenye diski. Ukihitaji kuhesabu vitabu vinavyouzwa sana wiki hii, au kuzuia mtu mmoja asijaribu nenosiri mara mia, utamu wake utauona. Lakini leseni yake ilibadilika. Machi 2024 kampuni inayoimiliki iliiondoa kwenye leseni huria ya BSD kuanzia toleo la 7.4, na mwezi uleule shirika la Linux Foundation likaanzisha Valkey, nakala inayoendelezwa kivyake kutokana na toleo la 7.2.4 la Redis, ikabaki na BSD. Mei 2025 Redis 8 ikaongeza leseni ya AGPLv3, ambayo nayo ni huria. Kwa duka dogo linalojiendeshea seva yake, mabadiliko hayo hayagusi kazi ya kila siku. Anayeuza huduma ya akiba kwa wengine asome leseni neno kwa neno. Mimi kwa miradi mipya naweka Valkey. Inatumia lugha ileile na mlango uleule wa 6379, na maktaba za PHP nilizokuwa nazo hazikuhitaji kubadilishwa hata mstari.

Wenye WordPress, jueni kwamba akiba yake ya vipande ipo tangu zamani ila inakufa kila ukurasa unapomaliza kutengenezwa. Ili idumu kati ya ukurasa na ukurasa, lazima pawe na faili la object-cache.php ndani ya wp-content, na plagini nzuri hukuwekea lenyewe. Kama faili hilo halipo, Redis yako inakula RAM bure.

Popote utakapoangukia, usiiache milango wazi kwenye intaneti. Februari 2018 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ilishambuliwa kwa wimbi la data lililofika terabiti 1.35 kwa sekunde, na lilipitia seva za Memcached za watu wengine zilizoachwa wazi kwa UDP, njia mojawapo ya kutuma data mtandaoni. Matoleo ya baadaye yamezima UDP tangu mwanzo, lakini kagua mwenyewe: andika ss -tulpn kwenye seva yako uone 11211 (mlango wa Memcached) na 6379 (wa Redis na Valkey) zinasikiliza wapi. Ukiona 0.0.0.0, yaani inasikiliza kila upande, rekebisha leo.

Na kabla ya yote hayo, pima. Nilipowasha rekodi ya maswali yanayochelewa ya MySQL (slow query log), jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza, nilikuta swali moja la orodha ya bidhaa linasoma jedwali zima kila ukurasa unapofunguliwa. Faharasa moja (index) ikashusha sekunde tisa hadi tatu. Akiba ndiyo iliyomalizia kazi, lakini ningeiweka juu ya swali lile bovu, siku inapofutika duka lingerudi palepale.

Kuna tatizo moja ambalo halitegemei programu uliyochagua. Vitu vyote ukivipa dakika kumi, vyote vitakufa pamoja, na wateja waliomo muda huo wataigonga hifadhidata kwa mpigo kama abiria wanaogombea daladala moja. Ongeza sekunde chache za nasibu kwenye kila muda wa kuisha. Kwa vile vizito, ruhusu ombi moja tu lijenge upya na mengine yasome jibu la zamani kwa muda mfupi.

Siku hizi kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi wateja wakiwa wachache, naandika FLUSHALL, amri ya kufuta akiba yote, kwa makusudi kwenye seva halisi, mwenye duka akijua. Kisha nakaa natazama. Mara ya mwisho ukurasa wa mbele ulipanda hadi karibu sekunde mbili, ukakaa hapo kama nusu dakika, ukashuka. Nikafungua kikapu cha majaribio nilichokijaza jana yake: vitabu sita, vyote vimo.