Kwa Wanaokwenda Kufundisha Watoto Kwenye Kambi za Vyuo: Kaeni Mnapoonekana

Kila majira ya joto, vyuo vikuu vingi vya Marekani huwapokea wanafunzi wa sekondari kwa kambi za wiki kadhaa, na kwa kuwa baadhi ya kambi hizo hufundisha Kiswahili, miongoni mwa wanaoajiriwa wamo Watanzania na Wakenya wanaosoma huko. Nimefanya kazi hiyo katika jimbo la Pennsylvania kwa misimu kadhaa. Wenzangu wanaojiandaa kuanza huniuliza sana kuhusu mtaala, malazi na malipo, lakini ni nadra kuniuliza kuhusu kanuni za mwenendo wa watu wazima kwa watoto, ambazo kwangu mimi zinatangulia mengine yote.

Kabla ya kuanza kazi utatakiwa kuwasilisha hati tatu: rekodi ya makosa ya jinai kutoka polisi wa jimbo, uthibitisho kwamba hujaorodheshwa kuwa mtu aliyewahi kumdhuru mtoto, na uchunguzi wa alama za vidole unaofanywa kupitia FBI. Hati hizo hufanywa upya kila baada ya miezi 60. Wapo wanaokwazika, wakiona kwamba wanashukiwa kabla hawajafanya lolote. Nawaomba wasikwazike, na pia wasizitegemee mno hati hizo, kwa sababu zinamwonyesha tu yule aliyekwisha kukamatwa, ilhali watoto wengi huumizwa na mtu ambaye rekodi yake ni safi na ambaye wazazi wao wanamheshimu.

Pennsylvania inalijua hilo kwa uchungu. Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani katika chuo kikuu cha Penn State, na mwaka 1977 alianzisha shirika la kuwasaidia watoto wenye maisha magumu. Alistaafu mwaka 1999, lakini akaendelea kuwa na ruhusa ya kuingia kwenye majengo ya michezo ya chuo. Mwaka 2001 kocha mwingine kijana alimkuta na mvulana bafuni humo, akamweleza kocha mkuu, kocha mkuu akawaeleza wakubwa wake, na habari ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu bila mtu yeyote kuifikisha polisi. Sandusky alikamatwa mwaka 2011, na Juni 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 yaliyohusu wavulana 10. Mwaka 2017 viongozi watatu wa chuo, akiwemo aliyekuwa rais wake, nao walitiwa hatiani kwa kuhatarisha ustawi wa watoto.

Kanuni nyingi utakazopewa kwenye mafunzo ya kambi zinaeleweka vizuri zaidi ukiisoma habari hiyo. Ya kwanza ni kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja mahali ambapo hawaonekani na hakuna anayeweza kuwaingilia ghafla. Hapo ndipo wengi wetu tunapopata shida, kwa sababu tumelelewa tukijua kwamba mwalimu ni mzazi, na kwamba mtoto akihuzunika unamwita pembeni, mnakaa faraghani, unamtuliza. Nia hiyo ni njema, wala hakuna anayekutaka uwe baridi kwa watoto. Kinachotakiwa ni kubadilisha mahali. Mwanafunzi akibaki nyuma baada ya kipindi, akitaka kueleza jambo linalomsumbua, mimi humwambia, “Twende tukakae pale nje.” Tunakwenda kwenye benchi la korido karibu na meza ya mapokezi, ambako watu wanapita na kutuona ingawa hawasikii tunayozungumza. Mtoto anapata siri yake ya maneno, na hakuna faragha ya mwili. Wahenga waliosema mkono mmoja haulei mwana hawakuwa na kambi za vyuo akilini, ila kanuni hii ya kutokaa peke yako na mtoto mahali msipoonekana inakwenda sambamba na hekima yao.

Angalieni hata milango ya madarasa. Milango mingi ina kidirisha cha kioo, na walimu tunaopenda kupamba hubandika hapo bendera, ramani na picha za kanga mpaka kioo kinazibwa chote. Msimu mmoja nilipangiwa chumba cha namna hiyo, na kabla ya kupanga viti nilibandua kila kitu na kukihamishia ukutani. Ni kazi ya dakika chache, na kuanzia hapo yeyote apitaye anaona kinachoendelea ndani.

Kuhusu simu, usimwandikie mtoto ujumbe wa faragha, hata akiomba msaada wa kazi ya nyumbani. Tumia kundi ambalo mratibu yumo, au andika kwa mzazi. Usimpakie peke yake kwenye gari lako, hata kama mvua inanyesha na mzazi amechelewa. Mwite mwenzako mngoje pamoja. Bwenini watu wazima wana vyoo na mabafu yao, na hawaingii chumba cha mtoto mlango ukiwa umefungwa. Zawadi ya siri kwa mtoto mmoja haifai kabisa, kwani wanaowadhuru watoto mara nyingi huanzia hapo: upendeleo mdogo, kisha siri ndogo, kisha siri kubwa.

Jambo zito kuliko yote ni siku mtoto atakapokueleza kwamba kuna mtu anamdhuru. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mwambie unamshukuru kwa kukueleza, kwamba kosa si lake, na kwamba utawaambia watu wenye kazi ya kumsaidia. Usimhoji kama mpelelezi, wala usimwendee mtuhumiwa kumuuliza. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, pamoja na saa na mahali, kisha toa taarifa.

Hapa sheria ya Pennsylvania ilibadilika mwaka 2014. Zamani mfanyakazi aliweza kumweleza mkuu wake na kumwachia yeye jukumu la kufikisha taarifa. Sasa mwenye wajibu huo anapaswa kutoa taarifa mwenyewe na papo hapo kwa huduma ya jimbo iitwayo ChildLine, na baada ya hapo ndipo amjulishe mkuu wa taasisi. Akipiga simu, anatakiwa kufuatisha maandishi ndani ya saa 48. Huhitaji ushahidi, sababu ya msingi ya kushuku inatosha. Kwa sisi tuliozoea kwamba mdogo hamruki mkubwa, jambo hili ni gumu, na ndiyo maana nashauri ulisemee mapema. Siku ya kwanza mwambie mratibu kwa heshima, “Nikipata taarifa ya namna hii nitapiga simu mwenyewe kwanza, halafu nitakuja kwako.” Mratibu mzuri atakushukuru.

Wanaoendesha kambi za likizo kwenye vyuo vya Tanzania na Kenya wanaweza kuanza na kanuni hizi hizi bila kungoja mtu wa kuwaletea. Katika nchi zote mbili namba 116 hupokea bila malipo simu zinazohusu usalama wa watoto, na nchini Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ibandikeni namba hiyo nyuma ya mlango wa kila chumba cha bweni, kwa herufi ambazo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuzisoma akiwa amelala kitandani.