Sehemu 500 «za» trilioni au «kwa» trilioni?

SWALI: Nahariri makala kuhusu gesi za salfa angani. Mwandishi anasema kabonili salfaidi ni «sehemu 500 za trilioni» ya hewa. Mwenzangu anataka iandikwe «kwa trilioni». Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate mwenzako. Tukitaja wangapi katika jumla, tunasema watano kwa mia, wanane kwa kumi. «Sehemu ya kumi» ni jambo jingine: ama ile inayofuata ya tisa, ama fungu moja baada ya kugawa mara kumi. Na «sehemu 500 za trilioni» humwacha msomaji akiuliza: trilioni ya nini?

Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni neno «sehemu». Ni sehemu za uzito au idadi ya molekuli? Molekuli ya kabonili salfaidi ina uzito wa takriban mara mbili ya wastani wa molekuli za hewa. Kwa hiyo 500 hiyo, ambayo ni hesabu ya molekuli, ukiigeuza kuwa uzito inapita 1,000. Msomaji akidhani 500 hiyo ni ya uzito, kiasi cha gesi kimepungua kwa takriban nusu bila mtu kupima chochote.

Mimi ningeandika: «Katika kila molekuli trilioni moja za hewa, takriban 500 ni za kabonili salfaidi.» Ni ndefu kidogo, lakini haina utata. Ukiirudia baadaye, «500 kwa trilioni» inatosha.

Kama makala itasomwa Kongo, ongeza kwamba trilioni ni milioni mara milioni. Aliyesoma kwa Kifaransa hesabu hiyo anaiita bilioni, na trilioni yake ni kubwa mara milioni nzima.

Usione ni udogo wa kihusishi tu. Gesi hii hudumu hadi ikafika stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya hili tunaloishi, na huko huchangia chembe za salfati zinazorudisha mwanga wa jua. Kuipata tarakimu yake ni kazi ngumu: gesi za salfa hunata kwenye kuta za mirija ya kuchukulia sampuli, na nyingine, kama dimethili salfaidi itokayo baharini, huweza kuharibiwa na ozoni kabla ya kufika kwenye mashine. Watu wamehangaika mpaka wakaipata. Mhariri aifikishe kwa msomaji kama ilivyo.

Pia, pale makala inapotaja kazi yenyewe, andika «upimaji»; «vipimo» viachie matokeo na vyombo.