Utafiti tendaji kwenye vikao vya MEWAKA: jibu kwa mwalimu anayesema vikao vyao vimebaki vya kusaini mahudhurio

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba shuleni kwenu vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) vinafanyika kama ratiba inavyotaka, mahudhurio yanasainiwa na muhtasari unaandikwa, lakini darasani hakuna kinachobadilika, na umeuliza iwapo utafiti tendaji tuliofundishwa vyuoni, yaani mwalimu kuichunguza kazi yake mwenyewe huku akiibadilisha, unaweza kuwasaidia. Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka sita katika shule ya msingi moja wilayani Chamwino, na sisi tulikuwa papo hapo mlipo. Unasaidia, lakini kwa sharti ambalo tulilielewa baada ya kushindwa: kitu cha kwanza kuchunguzwa kiwe mafunzo yenyewe na sisi tunaoyaendesha, kabla ya kuwachunguza wanafunzi au wazazi wao.

Mara ya kwanza tuliandika ubaoni "ufaulu mdogo wa Hisabati", tukajadili visababishi kwa saa moja na nusu, na orodha ilipokamilika ilikuwa na njaa, utoro wa msimu wa kilimo, mwamko mdogo wa wazazi, upungufu wa vitabu na msongamano wa wanafunzi. Yote hayo ni kweli, na anayezijua shule zetu za huku Ugogoni kati ya Januari na Machi, wakati mvua zimekubali na kila mkono unahitajika shambani, hawezi kubisha. Hata hivyo, hapakuwa na sababu hata moja ambayo mwalimu angeweza kuishughulikia Jumatatu asubuhi akiwa na chaki mkononi. Kisha nikagawa dodoso la kuwauliza walimu kama mafunzo yanawasaidia, na karibu wote wakajibu kwamba yanawasaidia sana. Wangejibu nini kingine, ilhali mwandiko wa kila mmoja naufahamu na mimi ndiye ninayepanga ratiba ya vipindi?

Nilirudi kwenye madaftari yangu ya chuo. Kurt Lewin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliandika kuhusu utafiti wa aina hii mwaka 1946 akiwa na nia ya kuunganisha uchunguzi na hatua za kubadilisha mambo, na miaka ya 1970 Lawrence Stenhouse wa Uingereza akasisitiza kwamba mwalimu mwenyewe anapaswa kuwa mtafiti wa ufundishaji wake. Sote tunaukumbuka ule mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari, maana ulitoka kwenye mitihani. Tunachokisahau ni kwamba anayetenda ndiye anayechunguza, na kwamba swali linatakiwa liwe dogo kiasi cha kujibika ndani ya wiki tatu au nne.

Kwa hiyo tuliliacha dodoso, na badala yake kila kikao kikawa kinafunguliwa kwa swali moja: katika tuliyojifunza kikao kilichopita, ulitumia nini darasani, na una nini cha kutuonesha? Cha kuonesha kingeweza kuwa daftari la mwanafunzi, zana aliyoitengeneza, au andalio la somo lenye masahihisho yake mwenyewe. Siku ya kwanza tulikuwa walimu kumi na mmoja, na wawili tu ndio waliokuwa na kitu mkononi. Mimi mwezeshaji sikuwa mmoja wao. Tulipoulizana sababu bila kulaumiana, yalijitokeza mambo mawili ambayo dodoso lisingeyatoa kamwe. La kwanza ni kwamba moduli, yaani andiko la mafunzo, tulikuwa tunaisoma kwa zamu kwa sauti, kama watoto wa Darasa la Pili, na hakuna aliyejaribu mbinu yenyewe kabla ya kutoka chumbani. La pili ni kwamba kikao kilianza saa nane na nusu mchana, wakati wengine hawajala na wanaoishi mjini wanasikilizia basi. Tulikihamishia siku ya michezo, walimu wa zamu wakiwa viwanjani kwa kupokezana, tukakifupisha, na tukakubaliana kwamba nusu ya muda iwe ya kujaribu mbinu mbele ya wenzetu.

Mbinu tuliyoanza nayo ilikuwa muda wa kusubiri baada ya kuuliza swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, alibaini kwamba walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kumhamia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe, na kwamba wakifikisha sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka. Tuliichagua kwa sababu haihitaji fedha wala kibali, na inapimika kwa simu.

Mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Nne alikubali nikae dawati la nyuma. Nilikuwa na simu yenye saa ya kupimia muda, pamoja na karatasi niliyochora mpangilio wa madawati, na kila mwanafunzi alipoulizwa nilichora alama ya kijiti mahali pake. Katika maswali yake kumi ya mwanzo, hakuna lililovuka sekunde mbili. Vijiti navyo vilirundikana safu mbili za mbele, upande wa dirishani. Nilipomwonesha alisema, "Mimi nilidhani nawasubiri mpaka nawachosha."

Wiki iliyofuata alijaribu kusubiri, akawa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Aliuliza kati ya nusu na robo ni ipi kubwa, na kwa nini. Zamani darasa zima lingeitikia kwa pamoja "nusu!", naye angeendelea. Safari hii alikaa kimya, na kwenye sekunde ya tano mtoto mmoja wa karibu na mlango, ambaye nyumbani kwao Kigogo ndicho kinachozungumzwa na ambaye kwenye karatasi yangu ya kwanza hakuwa na kijiti hata kimoja, akasimama na kusema kwamba robo ni kubwa, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Mwalimu alipouliza nani mwingine anafikiri hivyo, mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko tulivyotaka kuiona. Kosa hilo lilikuwa limejificha ndani ya kiitikio cha pamoja tangu mwanzo wa mada. Kikao kilichofuata hakikuhitaji moduli: tulikaa tukikunja karatasi vipande viwili, vinne na vinane, tukibishana namna ya kuwaelekeza watoto walioshika namba ya chini bila kuona kipande chenyewe.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu nawe unaweza kulifanya kwa nia njema. Karatasi ile yenye vijiti niliitoa nakala, nikaenda nayo kwenye kikao cha kata kuonesha kazi nzuri tunayoifanya. Sikutaja jina la mwalimu, lakini katika kata yetu kila mtu anajua nani anafundisha wapi. Habari zilimfikia kabla sijarudi shuleni, na kwa zaidi ya mwezi mzima hakuna aliyekubali nikanyage darasani kwake. Kuketi nyuma ya darasa kwetu bado kunanuka ukaguzi, ingawa siku hizi tunasema uthibiti ubora. Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu, nasi tukaweka utaratibu kwamba karatasi ya uchunguzi ni mali ya aliyechunguzwa, haiingii ofisini wala kwenye jalada lake, na yeye ndiye anayeamua itajadiliwa au la. Tukaongeza kwamba mwezeshaji ndiye wa kwanza kuchunguzwa katika kila mzunguko. Nilipochunguzwa mimi, ilionekana naongea karibu kipindi kizima cha Kiswahili, jambo ambalo mke wangu alikuwa amenidokeza kwa miaka mingi.

Usitegemee utafiti huu utatatua upungufu wa walimu. Darasa likiwa na watoto zaidi ya mia moja, kusubiri sekunde tatu kunakuwa mtihani wa aina nyingine, na mwenzetu wa Darasa la Kwanza aliijaribu mbinu hiyo wiki mbili akaiacha, nasi tukaliandika hilo kama matokeo halali. Wala usiseme ufaulu umepanda kwa sababu ya vikao. Sisi tunachoweza kusema ni kwamba mwisho wa muhula ule, swali letu la ufunguzi lilipoulizwa, walimu wanane kati ya kumi na mmoja walikuwa na kitu cha kuonesha.

Umeuliza pia kama kuna fomu maalumu. Sisi tunatumia daftari la kawaida lenye mistari, tukilipiga safu nne: swali letu la mzunguko huu, tulichobadilisha, tulichokiona kwa macho au kukihesabu, na tutakachojaribu baadaye. Majina ya watoto hayaandikwi humo, na wazazi tuliwaeleza kwenye mkutano wao kwa nini walimu wanatembeleana madarasani. Kwa sasa safu ya kwanza ina swali lililoletwa na yule mwalimu wa Hisabati mwenyewe: inakuwaje watoto wanaorudi kutoka shambani baada ya wiki mbili wanawekwa dawati la nyuma, na ni nani kati yetu anayewaweka huko?